Uchafu wa Kornel

Kama kulikuwa na jambo ambalo Hilaria alikuwa hataniwi nalo pale Kilema, ni usafi wa kipande chake cha mfongo. Mfongo ni mfereji tu, kwa asiyejua: maji yanatoka juu korongoni, yanateremka kihamba kwa kihamba, mashamba ya nyumbani, yakinywesha migomba na kahawa, na kila kaya ina sehemu yake ya kutunza. Siku ya msaragambo watu wote wanatoka na majembe. Wengine hukwangua matope mawili matatu, wakaketi kusubiri mbege, pombe ya ndizi. Hilaria, wapi! Yeye alibaki na gunzi la mahindi na mchanga, akisugua jiwe moja baada ya jingine kama anayesugua sufuria za harusi. Basili, mwenyekiti wa mfongo, alikuwa na tabia ya kuwapitisha wavivu pale makusudi ili waone haya.

Na kama kulikuwa na mtu aliyekuwa aibu ya mfongo huo, alikuwa shemeji yake, Kornel, mdogo wa marehemu mumewe Martin. Kipande chake kilikuwa cha juu kabisa, chini ya miti mitatu mikubwa ya mringaringa, na kwa miaka saba hakukigusa hata kwa ncha ya jembe. Siku ya msaragambo alileta debe lake la mbege, ndiyo faini ya asiyefanya kazi, akalitua mbele ya watu, akarudi zake nyumbani bila kuonja. Sehemu ile mfongo ulijaa majani, magogo, na kijani cha kila namna. Watu walipita wakitema mate pembeni.

Miaka saba hiyohiyo ndiyo Hilaria na Kornel walikuwa hawasemeshani. Martin alipokufa, Hilaria aliamka asubuhi moja akaona mstari wa isale, mmea uliopandwa mpakani mwao, umesogea hatua mbili upande wake. Hakuuliza. Alimwita Kornel mwizi wa mali ya maiti. Na angalau angemwita hivyo kulekule shambani! Alimwita mlangoni mwa kanisa, Jumapili, watu wanatoka misa ya kwanza na wengine wanaingia ya pili. Tangu siku hiyo Kornel akajitenga na watu, na msaragambo akauacha.

Isale, kwa Wachagga, si mpaka peke yake. Ndiyo msamaha pia. Ukimkosea mtu ukamwendea na jani lake mkononi, hana ruhusa ya kukukatalia, hata awe amekula kiapo. Hilaria alilijua hilo tangu anabebwa mgongoni. Kila asubuhi akienda kukata majani ya ng'ombe alipita kando ya masale yale, na kila asubuhi aligeuza uso.

Sasa sikia yaliyotokea mwaka ule wa 2000.

Jumatatu moja, Doris, binti pekee wa Hilaria, aliingia uani akitokea Dar, viatu vimejaa vumbi la stendi ya Moshi, na kabla hajanywa hata maji alishuka mfongoni. Alikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, anasoma mimea. Hilaria alimkuta amelala kifudifudi kwenye tope na sketi yake nzuri, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, anacheka peke yake. Mama wa watu akadhani mtoto amechanganyikiwa na masomo.

Doris alieleza mbiombio, maneno yakigongana. Kulikuwa na kijimea ambacho vitabu vilikuwa vimeshakihesabu kuwa kimekufa. Kiliokotwa mara moja tu katika mlima huu, zamani kabla ya Uhuru, halafu basi. Hakina mizizi ya maana, kinakunywa maji kwa ngozi yake, kinataka jiwe lenye unyevu na kivuli kizito mwaka mzima. Na sasa misitu ilikuwa imekatwa, mifongo mingi imepigwa saruji, jua limeingia kila mahali. Likizo iliyopita Doris alikiokota hapa, nyumbani kwao, akakikausha, akakipeleka chuoni. Njiani kikaota ukungu. Kilipofika kilikuwa unga mweusi, na mwenzake mmoja darasani akasema mbele za watu kwamba Doris amejitungia. Mwalimu wake, Dakta Eunike, hakusema hivyo. Alisema tu kwamba atakuja mwenyewe Alhamisi kuona. Kikiwepo, hai, Doris atapata nafasi moja iliyobaki ya kuendelea na shahada ya pili, na jina lake litaandikwa. Kisipokuwepo, ni mwongo.

Hilaria aliuliza uko wapi huo mmea wenyewe. Doris, ambaye alikuwa tayari anafunga begi arudi Moshi kumpokea mwalimu, alinyoosha kidole kutoka juu ya ukingo. "Ule pale, mama, kwenye mawe yako. Mtu asiuguse."

Hilaria akatazama. Kwenye mawe yake kulikuwa na maua yale madogo mekundu yenye ncha ya njano, mazuri kabisa, yanayoota kando ya maji. Akasema ameuona. Wala hakuna aliyemuuliza ameona nini.

Jamani, na ungekuwa wewe? Wageni wa chuo kikuu wanakuja kwako, wanakuja kutazama mfongo wako! Hilaria hakulala kwa furaha. Jumanne alfajiri alikwenda kwa Basili, na Basili, ambaye alipenda wageni kuliko chakula, akapiga mbiu: msaragambo wa kuwapokea wageni, kesho asubuhi, kila mtu kipande chake. Jumatano watu walitoka wengi kuliko siku zote. Walikwangua, wakafyeka, wakasugua. Hilaria aliyawekea maua mekundu uzio wa vijiti ili mtu asiyakanyage, kisha akapiga magoti na gunzi lake na mchanga wake, akasugua kila jiwe, kila pembe, kila ufa, huku akiimba. Kulikuwa na kijani fulani kimeng'ang'ania kwenye ufa mmoja, bapa, chenye utelezi, kama masikio ya panya yaliyobandikwa kwenye jiwe. Kilimsumbua. Akachukua kisu cha jikoni, akakibandua chote, akakitupa majini, maji yakaenda nacho.

Alasiri Doris akarudi kutoka mjini. Dakta Eunike amefika, amelala Moshi, kesho saa nne atapanda. Hilaria alimshika binti yake mkono, akamshusha mfongoni akiwa amejaa fahari, mawe yanang'aa, maua yamesimama ndani ya uzio wao kama bibi harusi.

Doris aliyatazama mawe. Akapiga magoti. Akapitisha kidole ndani ya ufa, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Mama," alisema, "kilikuwa hapa."

Hakulia kwa sauti. Hilo ndilo lililomuua Hilaria. Angelia, angepiga kelele, angemlaumu, mama angejitetea. Hilaria hakushindwa kujitetea hata siku moja. Lakini Doris alikaa tu ukingoni na kidole kimelowa. Mikono hii, mikono yake mwenyewe, ambayo kijiji kizima kiliisifia!

Hawakukaa, lakini. Doris alisema huenda kuna chembe mahali, basi wakateremka na mfongo wote, kipande kwa kipande, kwa akina Mektrida, kwa akina Primus, mpaka kule chini maji yanapoingia barabarani. Walipapasa chini ya kila daraja la gogo. Kila walipofika, mwenye kipande alitoka kwa bashasha kuwaonyesha jinsi alivyosafisha. Safi, safi, safi. Hilaria hajawahi kuuchukia usafi namna ile maishani mwake. Giza likawafukuza, wakaenda kulala bila kugusa mtori uliokuwa jikoni.

Alhamisi, Hilaria alikuwa anakamua ng'ombe, mawazo yako kwingine kabisa. Alikuwa anapanga uongo wa kumwambia Dakta Eunike. Aseme mafuriko? Aseme mbuzi? Na katikati ya kupanga uongo, likamjia. Mfongo mzima umesafishwa isipokuwa kipande kimoja. Kuna mtu mmoja tu pale Kilema ambaye hajapitisha jembe, gunzi wala kisu kwa miaka saba, na ana kivuli cha miringaringa mitatu juu yake. Hilaria akasimama ghafla, ng'ombe akapiga teke, ndoo ikaenda huko na maziwa yote.

Na hapohapo, kutoka juu, msumeno wa injini ukanguruma.

Roho ikamruka. Alikuwa amesahau kabisa! Kornel alishatangaza kwamba Alhamisi anaangusha miti yake. Mwaka ule kahawa ilikuwa haina maana tena. Wanunuzi walikuja wakataja bei ya dharau, watu wakang'oa mibuni wakapanda nyanya, na nyanya zinataka jua, kwa hiyo kila asubuhi ungesikia mti unaanguka mahali. Hilaria aliposikia habari hiyo wiki iliyopita alicheka, akasema vema, jua likakaushe uvivu wake. Sasa hakucheka. Jua likiingia pale asubuhi hii, mpaka saa nane kila kilicholala kwenye mawe yale kitakuwa karatasi.

Alimwita Doris, akamwambia neno moja, "Kwa Kornel," na Doris akaelewa, akatoka mbio na kioo chake. Hilaria naye akakimbia, gumboti moja mguuni na nyingine mkononi, akapita migomba, akafika mpakani. Pale akasimama. Masale yalikuwa yamepanga mstari, marefu, yametulia. Msumeno ulikuwa unalia, ukinyamaza kidogo, ukilia tena, na kila ulipolia Hilaria alihisi unamkata yeye. Angeweza kuvuka tu akapiga kelele. Angeweza kumwita Basili na amri zake. Lakini mti wa mtu kwenye kihamba cha mtu, nani anaweza kumzuia? Amri ya Basili inaishia kwenye mfongo.

Kulikuwa na kitu kimoja ambacho Kornel asingeweza kukikataa. Hilaria akapiga moyo konde, akanyoosha mkono, akavunja shina la isale pamoja na majani yake, akavuka.

Mti wa kwanza ulikuwa umeshalala. Anga jeupe lilikuwa limetoboka pale ulipokuwa, na jua lilikuwa limekwisha kuigusa nusu ya juu ya mfongo. Leodegar, fundi wa msumeno, alikuwa amepiga goti kwenye shina la mti wa pili, unga wa mbao unaruka, na Doris amesimama mbele yake, mikono ameitanua, anasema maneno ambayo hakuna aliyeyasikia kwa kelele. Kornel alikuwa pembeni, mikono nyuma, amenyoa ndevu. Hilaria aliona amezeeka. Kwa miaka saba alikuwa hajamtazama usoni.

Alikwenda moja kwa moja akasimama mbele yake, akalinyoosha lile isale kwa mikono miwili. Kornel alilitazama, akamtazama yeye, gumboti moja, maziwa kwenye sketi. Kisha akainua mkono, na Leodegar akazima msumeno. Ukimya ulioingia pale ungesikia maji.

"Mama Doris," Kornel alisema. "Umekuja kwa ajili ya miti, au kwa ajili ya lile neno?"

Hapo Hilaria angeweza kujibu kwamba ni kwa ajili ya neno. Jibu hilo lingekuwa tamu, na Kornel angelipokea. Lakini alikuwa amechoka na uongo aliokuwa akiupanga tangu alfajiri.

"Nimekuja kwa ajili ya mtoto," alisema. "Bila hili nisingekuja, shemeji, ningekufa na kiburi changu. Lakini neno lile ni langu, na lilikuwa baya. Zile hatua mbili sikuwahi hata kuzipima."

Halafu Kornel akalipokea isale, akalishika kama mtu anayeshika kitu alichokitafuta mpaka akachoka kukitafuta.

"Doris," aliita, "haya, njoo uniambie hicho mnachokitafuta kinafananaje."

"Shikamoo baba mdogo," Doris alisema, ndipo akakumbuka kwamba hajamwamkia, akaangua kicheko na machozi pamoja.

Wakaingia mfongoni wote wanne, hata Leodegar na suruali yake ya kazi. Doris alisema kinafanana na masikio ya panya, bapa, na wakati wake ukifika kinatoa vijiti vyenye miavuli midogo kuliko kichwa cha njiti. Walianza upande wenye kivuli. Walifunua majani yaliyooza ya miaka saba, wakainua matawi kwa adabu kana kwamba kuna mtoto amelala chini yake. Hilaria, ambaye uchafu ule ulikuwa ukimkera hata ndotoni, aliingiza mikono yake ndani taratibu, na ndiye aliyekiona. Alinyoosha kidole tu.

Hakikuwa kiganja kimoja. Ukuta mzima wa mawe chini ya mti wa tatu, urefu wa mkeka wa kulalia watu wawili, ulikuwa umevaa masikio ya kijani kibichi, moja juu ya jingine, yanatiririka maji, na juu yake miavuli, mamia ya miavuli midogo imesimama wima. Doris alikaa majini. Alikaa tu, maji yakimfika kiunoni, anasema "Jamani, jamani," kama bibi kizee. Leodegar akauliza kama kinaliwa.

Saa nne kasoro Dakta Eunike alitokeza kwa chini, mama mnene wa Machame mwenye fimbo na kofia, Basili mbele yake akimwonyesha usafi wa mfongo kaya kwa kaya, akieleza jinsi watu walivyojitolea. Dakta alikuwa akizidi kukunja uso. Walipofika kwa Kornel, Basili alianza kumwomba radhi kwa hali ya mahali pale. Dakta hakumsikia. Alikuwa ameshatupa fimbo, ameshapiga magoti kwenye tope karibu na Doris, wanapokezana kioo, wanatupiana majina marefu ya Kilatini kama watoto wanaorushiana mpira. Hilaria hakuelewa hata moja, lakini alielewa mwalimu alipomshika Doris bega akasahau kuutoa mkono.

Hilaria aliungama yote, gunzi, mchanga na kisu. Dakta Eunike akamtazama kwa huruma. Kile cha kwako kilikuwa mtoto, alimweleza. Kila mwaka maji yanambandua mmoja hapa juu na kumtua kwako, nawe kila mwaka unamsugua. Mama yao ndiye huyu. Kisha akauliza ni nani anayekitunza kipande hiki, maana hajaona mahali palipohifadhiwa namna hii mlima mzima.

Kornel alikohoa. "Ni mimi," alisema. "Sijapagusa miaka saba."

Madebe yote yale ya faini yalimpita Basili mbele ya macho.

Miringaringa miwili ilibaki imesimama, mmoja na kovu lake. Pale ulipoanguka wa kwanza, Doris na Leodegar walifunga kivuli cha majani ya migomba juu ya mawe kabla ya jua la mchana. Lile isale Kornel hakulirudisha mpakani. Alichimba kwa mikono, akalipanda kwenye ukingo wa mfongo, juu ya ule ukuta wa kijani, na kila Mchagga aliyepita pale akajua kwamba hapo hapaguswi.

Doris alipata nafasi yake. Barua ilikuja mwezi wa tisa, Hilaria akaisoma mpaka mikunjo ikachanika.

Lakini hadithi yangu haikuishia kwenye barua. Ilipofika siku ya msaragambo, watu wametoka, mbege imeshatuliwa, wakamwona Kornel anashuka. Hakuwa na debe. Alikuwa na jembe begani, makali mapya, na shati la kazi lililopigwa pasi. Miaka saba hajasimama na watu wale. Alielekea kipande chake, na Basili, maskini, ikabidi amkimbilie amzuie: hapo sasa ni marufuku, ndugu yangu, hata wewe. Watu wakacheka. Kornel naye akajaribu kucheka, kisha akabaki amesimama katikati ya majembe ya wenzake, na lake halina pa kwenda.

Hilaria alikuwa chini kidogo, magotini, kwenye mawe yake. Ule ufa mmoja alikuwa ameuacha bila kuusugua. Mlikuwa na kijani kidogo mle ndani, kama ukucha wa mtoto, naye alikuwa akisugua kandokando yake kwa kujizuia kweli. Aliinuka akajifuta mikono. Akaenda mpaka mwanzo wa kipande chake, akageukia mteremko, akapiga hatua mbili ndefu mbele ya watu wote, akachora mstari kwa kisigino.

"Shemeji," alisema, "njoo. Hizi ni zako."

Kornel alishuka. Akaweka jembe chini, akapokea gunzi, akapiga magoti. Alisugua vibaya, nusunusu, matope yakirudi palepale yalipotoka, na Hilaria, kando yake, aliona kila doa alilolipita, akanyamaza.